Pakiti Zisizofunguliwa

Mfamasia wa mtaani kwetu Tottenham, London, Mhindi aliyezaliwa Dar es Salaam, alimwamkia mama yangu shikamoo kila tulipoingia dukani kwake. Siku moja, alipoona vidonge vya presha vya mama vimeongezeka, alimshauri kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Mama, nitakupangia dawa zako kwenye trei, kila siku na chumba chake. Hutahangaika wala hutasahau."

Mama aliipokea huduma hiyo kana kwamba ametukanwa.

"Sijazeeka kiasi hicho. Nipe pakiti zangu kama zilivyotoka kiwandani."

"Haya mama. Ila mwanao asije akanigombeza."

"Huyu? Huyu anagombeza watu kwa Kiingereza tu."

Tulicheka sote. Nilidhani mama anatetea heshima yake, na nilimpenda kwa hilo.

Presha yake haikushuka. Kliniki ilikuwa imeanza na kidonge kimoja, kisha ikaongeza nguvu ya kidonge hicho, kisha ikaongeza cha pili cha aina nyingine. Kila mara daktari aliuliza kama mgonjwa anameza dawa zake zote, nami nilitafsiri. Mama aliketi wima, mkoba mapajani, akajibu, "Mwambie nameza zote, namshukuru sana." Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika zaidi.

Baridi ilipokaza mama alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Huko wodini hakuna aliyemwachia pakiti. Muuguzi alisimama kando ya kitanda na kikombe cha maji, akangoja mpaka kila kidonge kimeshuka. Kifua kilianza kupata nafuu. Kisha asubuhi moja mama aliinuka kwenda msalani, dunia ikamzunguka, akaanguka na kuvunjika nyonga. Presha yake, ile iliyokataa kushuka miezi yote, ilikuwa imeporomoka.

"Nyumbani alikuwa anameza zote hizi, kweli?" aliniuliza daktari wa wodi. Nilimjibu kwa ukali kwamba mama yangu si mtu wa kudanganya.

Mama alikuwa bado chumba cha upasuaji simu yake ilipoita ndani ya mkoba wangu. Aliyepiga alikuwa mama mdogo, mdogo wake wa pekee, kutoka Morogoro.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Dada yuko wapi? Yule mtu wa kanisani kwenu kafika jana, mzigo hana!"

"Mzigo gani?"

"Wa dawa, jamani! Nimebakiza za wiki hii tu."

Nilimweleza kuhusu nyonga. Alilia, alimwita Mungu, aliniuliza kama dada yake ataweza kutembea. Kisha akarudi palepale: je, hapakuwa na mtu mwingine anayesafiri?

"Zahanati hawakupi dawa, mama mdogo?"

"Wananipa. Sasa zile nazo dawa? Zimejaa kabatini. Hizi za dada ndizo dawa. Tena hizi za karibuni kali kwelikweli, nikisimama naona giza. Ndipo ninapojua zinafanya kazi."

Nilimwomba anitumie picha za pakiti zote mbili. Ya zahanati ilikuwa na jina lilelile la dawa, chini ya jina tofauti la kampuni, na nguvu nusu ya ile ya London: nguvu aliyopimiwa yeye, mwili wake, na watu waliomfunga mkanda wa presha mkononi. Daktari wa London alipompandishia dozi dada mtu, alikuwa anampandishia na mdogo mtu kule Morogoro bila kumjua. Nilivuta picha karibu nisome maandishi madogo. Zote mbili zilikuwa zimetengenezwa India.

Sisi tunaoishi huku hatuna ruhusa ya kusafiri mikono mitupu. Nusu ya sanduku la kila msafiri ni ya watu wengine, na baada ya ibada, kwenye chai, vifurushi hupita kutoka mkoba hadi mkoba huku watu wakiulizana habari za watoto. Niliwahi kubeba viatu, miwani, simu, na vifurushi vilivyoshonwa ambavyo sikuuliza vina nini. Kumbe mama alikuwa akipewa pakiti mbili za kila aina kwa miezi miwili. Moja aliitumia kwa kubana mpaka ikatosha, akimeza leo na kuruka kesho, na ya pili, isiyofunguliwa, aliikunja ndani ya kitenge. Trei isingesafiri. Vidonge vilivyokwisha kupangwa vyumbani havina heshima ya zawadi.

Nilipomkabili, mguu wake ukiwa bado umeegeshwa juu ya mito, hakuona haya.

"Dawa napewa bure. Nimeze peke yangu, ndugu yangu anaangalia?"

"Ulikuwa humsaidii, mama. Ulimpa dozi ya mtu mwingine. Na wewe mwenyewe wamekuongezea dawa usizozihitaji, kwa sababu uliwaambia unameza."

"Wewe umesoma," alisema, akageukia ukuta. Kinywani mwake neno hilo halikuwa sifa.

Kliniki imemrudisha kwenye kidonge kimoja, cha nguvu ile ya kwanza. Akikimeza kila siku, presha inatulia. Hakuwahi kuhitaji kingine, na nyonga haikuwa na sababu ya kuvunjika. Mama mdogo alikwenda zahanati baada ya mimi kukataa kutuma chochote. Wakampima upya na kumkaripia, akarudia zile za kabatini ambazo muda wake haujapita. Giza limemwisha. Hanipigii tena. Amewaambia ndugu kwamba nimekuwa Mzungu, kwamba nimeikata mikono ya dada yake, na ndugu wamemwamini, kwa kuwa kwao aliye London akisema hapana ni mchoyo tu.

Sasa trei imo jikoni kwetu. Kila asubuhi mama anakuja na kigari chake cha kutembelea, ananisalimu kwa ubaridi, anatoa kidonge katika chumba cha siku ile na kukimeza mbele yangu. Sikumwomba afanye hivyo, lakini hufungua kinywa, huinua ulimi, akaniacha nitazame. Nami hutazama.

"Umeridhika?" aliniuliza leo.

"Nimeridhika, mama."

"Na mdogo wangu kameza nini leo?"

"Dawa hiihii."

"Si ya London."

"Hata hii si ya London, mama."

Alikishika kigari kwa mikono miwili, akakigeuza polepole kuelekea chumbani.

"Basi ungeniacha nimpe," alisema.