Kutumwa Ugoro

Nilikuwa na mwaka wa tatu nikifundisha Baiolojia katika shule moja ya kutwa pale Levolosi, mkuu wa shule aliponikabidhi klabu ya afya. Kila Alhamisi baada ya vipindi, wanafunzi kama ishirini walibaki nami darasani, tukazungumza habari za tumbaku. Nilijiandaa hasa. Nilichora mapafu mawili kwenye karatasi ya manila, moja safi, jingine nikalisiliba kwa mkaa. Nilijiona mwalimu hodari.

Siku moja binti wa kidato cha pili, mpole, mkaaji wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Madam, na ugoro je?"

"Huo ni wa wazee," nikamjibu. Darasa likacheka, nami nikaendelea na sigara zangu.

Wiki mbili baadaye, katikati ya jaribio, binti yule alipiga chafya mfululizo. Leso aliyojifutia ilikuwa na madoa ya kahawia. Wenzake walipotoka nilimwambia abaki. Hakubisha. Aliinama, akatoa kwenye soksi kipande cha nailoni kilichofungwa fundo.

"Bibi hunituma ugoro sokoni," alisema. "Nikirudi nausaga na magadi. Siku moja kichwa kiliniuma, nikanusa kidogo. Sasa nisipopata, madam, hata kusoma siwezi." Akaongeza, "Siku ile klabuni nilitaka kukuambia."

 Kwa taratibu zetu angeandikiwa barua na kusimamishwa masomo. Nilimwomba mkuu wa shule anipe wiki moja kwanza. Alikubali shingo upande.

Jumamosi nikaenda kwao. Mama yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya vitunguu Nduruma, akirudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo binti aliishi na bibi yake katika chumba kimoja cha kupanga. Nilimkuta bibi uani akimenya ndizi. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanisogezea kigoda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Alikuwa ameteremka kutoka mlimani uzeeni, aje kulea mjukuu. Ikabidi binti awe mkalimani wetu.

"Mwambie bibi," nilisema, "nimekuja kwa sababu unanusa ugoro, na umeshindwa kuacha."

Binti akamgeukia bibi yake, akasema kwa Kimeru. Mimi ni Mchaga. Lugha zetu ni ndugu, na niliyoyaelewa yalitosha. Alikuwa amesema kwamba nimekuja kwa sababu yeye anaumwa kichwa.

Sikumsahihisha. Nilichukua kisu kingine nikaanza kumenya ndizi. Tulimenya sote watatu, muda mrefu. Mwishowe binti akaweka kisu chini na kuyasema maneno yangu upya, safari hii yote, machozi yakimdondokea kwenye maganda.

Bibi aliacha kumenya. Alimwangalia mjukuu wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nami nisikie:

"Mama yangu alinipa nikiwa kama huyu. Jino liliniuma. Jino liling'oka zamani, ugoro umebaki." Akamvuta binti kwenye mapaja yake, mkubwa vile, akamfuta uso kwa upindo wa kanga. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikutuma. Sitakutuma tena. Nikiutaka nitakwenda kwa magoti yangu haya mabovu."

Nilikuwa nimebeba maneno mengi ya kumwambia. Yote nikarudi nayo.

Alhamisi iliyofuata sikubandika mapafu. Niliuliza: ni nani hutumwa tumbaku nyumbani, sigara au ugoro? Mikono ikapanda, mingi kuliko nilivyotegemea. Tukatumia kipindi kizima cha klabu kufanya mazoezi ya kumkatalia mkubwa bila kumvunjia heshima. "Shikamoo babu, maji nitakuletea, chakula nitakuletea, lakini hilo naomba unisamehe." Walicheka sana wakiigizana, ila walirudia mpaka ikawatoka midomoni bila kigugumizi.

Binti hakuacha siku moja. Mara mbili alirudia, na mara zote mbili alinifuata ofisini kuniambia kabla sijamuuliza. Nilimpa maji, nikamweka karibu na dirisha, tukangoja hamu ipite. Kufikia mitihani ya mwisho wa mwaka alikuwa na miezi minne hajagusa, na barua ile haikuandikwa kamwe.

Bibi yake hakuacha. Ila sokoni ni mbali, na kilima ni kikali, kwa hiyo siku nyingi hukaa bila. Hukasirika, binti ananiambia, halafu humwita wamenye ndizi.