Migomba ya Kabla ya Sabato

Leo asubuhi nimekata mkungu wa ndizi, utomvu ukanishika vidoleni, na ile harufu yake chungu ikanirudisha kwa mama.

Wakati ule baba alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Ndugu yake, baba mdogo, akachukua shamba letu lote la chai. Ni yeye, sitamficha. Na mzee wa kanisa aliona, akanyamaza. Tuliachiwa kipande cha ardhi ya mawe huko chini karibu na mto.

Ijumaa moja, siku ya maandalio ya Sabato, mama alikuwa anapanda migomba kwenye hayo mawe, mimi nikimshikia miche. Baba mdogo akapita na yule mzee wa kanisa, akicheka.

"Shemeji, si juzi mhubiri alisema Bwana yuko mlangoni? Hizo ndizi ni za nani?"

"Kama yuko mlangoni," mama akasema bila kuinuka, "hiyo chai wewe unamchumia nani?"

Mzee wa kanisa akakohoa. Wakaenda zao.

Jua lilikuwa linagusa mlima na Sabato inaingia. Mama akafukia mche wa mwisho kwa mikono, mbio mbio, mpaka akacheka mwenyewe. "Bwana akirudi usiku huu, atatukuta tumenawa. Akichelewa, tutakula."

Amechelewa. Tumekula, watoto wote wa mama, tukakua. Mimi namngoja bado, na nina maneno ya kumwambia kuhusu baba mdogo. Lakini nitaanza na asante, maana mkungu wa leo umetoka kwa shina la siku ile.