Bastola ya Baba Mkwe na Yule Mjane Mwenye Masharubu

Wakubwa, kuna siku mke wangu alimpa mwanaume mwingine kitu ambacho mimi, mume wake wa ndoa, sijawahi kuruhusiwa kukishika kwa mkono mtupu.

Tulieni. Ni bastola.

Mke wangu Lorna anakusanya bastola za kale za jeshi, zile walizobeba askari wa farasi huku magharibi mwa Marekani miaka ya 1870. Anazo chache, ila moja ndiyo roho yake. Aliachiwa na marehemu baba yake, mzee Emmett.

Chuma chake kimegeuka kahawia kwa uzee, na ole wako uiguse bila glavu, maana jasho la vidole linakula chuma. Mimi niliwahi kujisahau nikapigwa kofi la mkononi mbele ya wageni.

Sasa tuko kwenye maonyesho ya wakusanyaji, hapa hapa Sheridan, Wyoming. Kazi yangu huko ni kubeba maboksi na kunywa kahawa. Mambo yao ya ndani siyajui.

Akaja Royce Tidwell. Mjane, masharubu meupe yamechanwa vizuri, marashi yanatangulia kufika kabla yake.

"Lorna, naweza?" akauliza, macho kwenye bastola ya mzee.

Nikasubiri mke wangu amtupie glavu.

Hakumtupia. Akaichukua bastola, akamwekea kiganjani. Mkono mtupu! Halafu akatabasamu, lile tabasamu ambalo mimi nililiona mara ya mwisho kabla paa letu halijaanza kuvuja.

Jirani wa meza, Gus, mtu wa maneno, akanisogelea sikioni.

"Delmar, kaka, wewe ukigusa unapigwa kofi. Mwenzio anapewa kama donati."

"Nyamaza, Gus."

"Mimi nimenyamaza. Masharubu ndiyo yanaongea."

Nilibamiza mlango wa gari, nikaendesha kwa hasira hadi nyumbani, na Lorna wala hakugundua, alikuwa anaimba.

Kuanzia hapo ikawa simu. Simu inalia, anatoka nje kwenye baridi kuipokea. Nikiuliza nani, "Royce, tunazungumzia bastola." Bastola gani inazungumziwa mpaka mtu anacheka anashika mbavu?

Alhamisi moja akaniambia anakwenda kwa Royce, kule mji jirani wa Buffalo, kuangalia mkusanyiko wake.

"Twende wote," nikasema.

"Utaboreka, mume wangu."

Akapaka rangi ya mdomo. Akavaa gauni la bluu nililomnunulia mimi, kwa pesa zangu, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Jamani, gauni langu linakwenda kufurahisha macho ya mwanaume mwingine!

Nikamwacha atangulie, nikawasha pikapu, nikamfuata kwa mbali. Upepo unapuliza theluji barabarani, mimi ndani nalia kwa hasira kama mtoto.

Nikaegesha mbali kidogo, nikanyata hadi dirishani kwa Royce.

Wameketi bega kwa bega. Taa ya mezani imeinamishwa. Royce anamwekea kitu kiganjani, anamfunga vidole taratibu, anamnong'oneza. Mke wangu kainama, uso umewaka kwa furaha.

Sikugonga. Mlango niliusukuma kwa buti.

"Mwachie mkono mke wangu!"

Royce akaruka. Kile kitu akakipokonya kiganjani kwa Lorna, akakichomeka kwenye bastola iliyokuwa imefunguliwa mezani, akaitupia kwenye kabati la chuma na kufunga.

"Tokeni kwangu," akasema. "Wote wawili. Na wewe Lorna, usinipigie tena."

"Royce, subiri kidogo tu..."

"Tokeni!"

Nikamtoa mke wangu nje nikijiona mwanaume kweli kweli. Nikamwingiza kwenye pikapu langu, la kwake tukaliacha pale pale.

Nilitegemea atalia, au ataomba msamaha. Alikuwa anatazama tu mbele.

"Unampenda?" nikauliza.

"Unajua baba yangu alifukuzwa chama cha wakusanyaji kwa nini?" akajibu.

Nilijua juu juu. Walisema mzee Emmett alidanganya, alitangaza kwamba bastola yake ina vipande vyote vya asili, kumbe sivyo.

"Kila kipande kinapigwa namba ile ile," Lorna akasema. "Ya baba vyote vilikuwa sawa. Nimeviona mwenyewe nikiwa msichana. Royce akaiazima, akairudisha. Baba alipokuja kuionyesha chamani, silinda ina namba nyingine."

Silinda ni lile gurudumu linalobeba risasi.

"Royce alibadilisha?"

"Alibadilisha, ya kwake ilikuwa imechakaa. Ila hakuna aliyemwamini baba. Alikufa wanamwita tapeli. Na Royce hamfungulii mtu bastola yake, hata rafiki. Lakini kwetu wakusanyaji, ukimpa mtu ya kwako mkono mtupu, ni lazima naye akupe ya kwake hivyo hivyo, na akufungulie. Akikataa anaaibika. Nimemvuta miezi, Delmar. Nimecheka vichekesho vyake vibaya vyote."

"Anakutaka yule."

"Najua ananitaka. Ndiyo maana alifungua."

Nikapunguza mwendo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekwenda kumvunja meno kabla sijaona kitu." Akafuta rangi ya mdomo kwa mkono. "Ile aliyoniwekea kiganjani ndiyo silinda, nimeona tarakimu mbili za mwanzo. Ni za baba. Nilikuwa nageuza nione zilizobaki. Chama hakisikilizi tarakimu mbili."

Simu yake ikalia. Mama mkwe wangu, mama Opal. Tangu mumewe afukuzwe hajakanyaga ukumbi wa chama, hata kwa mazishi ya rafiki zake.

Lorna akaweka sauti ya wote kusikia.

"Umeiona, mwanangu?" mama Opal akauliza. "Ni ya baba yako?"

Lorna akanisogezea simu. "Mwambie wewe."

Nikamwambia. Kila kitu, mpaka buti.

Nikasikia anavuta kiti, anaketi.

"Haya," akasema. "Njooni mle. Nimepika nyama, inapoa."

Wiki ile ile Royce akaiuza bastola yake kwa mtu wa nchi nyingine, na silinda ikaenda nayo. Jina la mnunuzi hakumtajia yeyote. Mama Opal alifariki majira ya kuchipua, bado wanamwita mke wa tapeli.

Ndugu yangu msomaji, wivu wangu haukukosea kila kitu. Royce kweli alikuwa anamtaka mke wangu. Kosa ni kwamba niliangalia mwanaume tu, sikumwangalia mke wangu anatafuta nini. Ukishikwa na wivu, muulize mwenzio mkiwa jikoni kwenu, na ukae usikilize mpaka amalize.

Lorna bado yupo nami. Siku hizi akitoka simuulizi anakwenda wapi, naye haniambii.