Ahadi ya Dereva Sudi

Mwaka ule nchi ilipowekewa vikwazo vya biashara, petroli ilipokuwa adimu kuliko amani, patron Valentin, mkubwa wa mradi wa kupanda miti pale Gitega, alimtaka kila mfanyakazi aahidi jambo la kulinda mazingira. Wengine waliahidi kuzima taa, ingawa umeme wenyewe haukuwepo. Sudi, dereva mpenda sifa, akasimama: "Gari letu lisitoke tena nje ya mji!" Akapigiwa makofi.

Wiki iliyofuata habari ikafika kutoka Muyinga, mbali na mji, kwamba Kulthumu, mkewe, yu karibu kujifungua na hana mtu. Msafara wa malori na magari ya kwenda huko, ukisindikizwa na jeshi, ulikuwa unaondoka kesho yake asubuhi. Bila msafara, njia nzima ni risasi.

"Patron, mi naomba gari. Bibi yangu iko karibu kuzaa."

"We Sudi! We ndiye mfano wetu, sasa unataka watu watucheke?"

"Basi nitapanda lori."

"Kesho iko wageni, kaka. We ndo utawaelezea ile ahadi. Ukikosa, usirudi kazini."

Asubuhi Sudi alisimama mbele ya wageni na tai ya kuazima, akisifia hewa safi ya Gitega. Nje malori ya msafara yakapita yakinguruma, ikambidi apaze sauti.