Hodi ya Mfamaji Mlangoni kwa Bi Saada

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hutafuta kwanza mahali pa kukaa. Ilikuwa mchana wa jua kali, kisiwani kwetu Bwejuu, ndani ya ghala la samaki wakavu. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa magunia ili kiza kiingie, televisheni imewekwa juu ya makreti ya soda, jenereta linanguruma nje, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Wote walikuwa wamekuja kunitazama mimi.

Najua wewe unanijua kwa jina la Mfamaji. Jina langu hasa ni Haruni, ila sidhani kama wamebaki watu wa kuniita hivyo. Hata msikitini nasikia, "Msogezeeni Mfamaji mswala." Juzi nilikwenda Kilindoni kuchukua fedha benki, karani akaniona, akagonga kioo chake kama ninavyogonga mimi katika filamu, kisha akacheka peke yake. Nikamgongea na mimi. Kwa umri huu sina tena nguvu za kununa.

Jana ulipokuja na simu yako ukaniomba nivae tena yale macho meupe, nikutokee nyuma ya mlango, uwarushie watu huko mtandaoni wapige mayowe, hukupata jibu. Usidhani nilikasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa iweke hiyo simu kando kidogo, unisikilize.

Nilipokuwa kijana nilitaka kuigiza mapenzi. Nilijiona nimevaa shati jeupe, natembea ufukweni, msichana ananikimbilia. Nikaenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu, nikajiunga na kikundi cha maigizo, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kubeba taa na kufagia jukwaa. Siku ya majaribio mwongozaji aliniambia niketi nimtazame bila kupepesa macho. Nikaketi. Mtu aliyekulia Bwejuu, aliyezoea kufumbua macho ndani ya maji ya chumvi, hapepesi ovyo. Mwongozaji akanitazama weee, kisha akasema, "Sura yako hii si ya mapenzi, bwana. Wewe ni maiti mzuri sana."

Ndivyo nilivyoingia katika *Hodi ya Mfamaji*. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kijana anakufa maji, mwili haupatikani, halafu kila jua likitua anarudi kugonga mlango wa mama yake. Mama anakataa kufungua, anakataa, mwisho anafungua, na akifungua tu ananyongwa. Nilipakwa unga wa muhogo uliochanganywa na masizi, nikatiwa lenzi nyeupe machoni, nikatundikwa mwani mabegani, na kabla ya kila onyesho walinikalisha ndani ya pipa la maji ili nguo zitone. Nilikohoa mpaka mjomba akataka nirudishwe nyumbani.

Filamu ilipotoka, haikwenda popote. Wajuzi wa mambo waliicheka, wakasema waya wa taa unaonekana ukutani, na ni kweli unaonekana. Walioibeba ni watu wa vibanda vya video. Waliiona wakairudia, wakaijua kwa moyo, ikawa nikifungua tu mdomo kwenye skrini wao wameshayasema maneno yangu. Basi nikarudi kwetu na diski begini, kifua mbele, nikaomba ghala la samaki ili watu wangu nao waone mtoto wao kawa nani.

Kabla sijaendelea, lazima umjue Bi Saada. Alikuwa jirani yetu, mama yake Makame, na Makame nilikua naye; tulitahiriwa siku moja. Nilipokuwa Dar, mashua iliyokuwa ikipeleka nazi Nyamisati ilipinduka. Wenzake waliokolewa, Makame hakuonekana. Watu walitafuta mpaka wakachoka, lakini Bi Saada hakukubali. Alisema mwanawe yuko mahali, atarudi, na akakataa katakata mwanawe kusomewa khitma. Sasa Makame alikuwa na mke, Zaituni, binti mdogo tu, aliyebaki nyumba moja na mkwewe. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Hakuweza kukaa eda wala kupanga maisha yake, maana mama mtu anasema mumewe yu hai, na hakuna aliyethubutu kumwambia Bi Saada vinginevyo. Mambo hayo yote nilikuwa nimeyasikia, ila ukiwa mbali unayasikia kama habari tu.

Basi siku ile nilikaa nyuma kabisa ya ghala, nifaidi hofu ya watu. Na hofu ilikuwepo, mwanangu! Wanawake walijifunika khanga usoni, vijana waliojifanya majabari walikuwa wameshikana mikono. Ikafika ile sehemu. Ninagonga, sauti yangu inasema, "Mama, nifungulie. Nimerudi." Mama wa kwenye filamu anasimama, anakaribia komeo. Ghala zima likapiga kelele, "Usifungue! Usifungue!"

Hapo Bi Saada akasimama katikati ya watu.

"Mfungulie!" akasema kwa nguvu. "Mama gani wewe? Mtoto katoka majini, ana baridi, nawe unautazama mlango! Mfungulie!"

Kila mtu akageuka kumtazama. Bi Saada hakuwa analia. Alikuwa amemkasirikia yule mama wa kwenye televisheni kwa kuchelewa kufungua. Zaituni akamshika mkono, akamtoa nje taratibu, kwa hiyo mwisho wa filamu hakuuona. Nilimshukuru Mungu hakuuona.

Asubuhi yake akaniita. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bi Saada."

"Marahaba. Ndiwe uliyekuwa unagonga jana?"

"Ndimi. Lakini yale ni maigizo tu, Bi Saada."

"Najua ni maigizo. Nyie mwadhani mie nimerukwa na akili." Akavuta ukili wake, akaukaza. "Nina ombi. Kesho baada ya alasiri njoo unigongee mlango. Vilevile kama jana. Na yale maneno uyaseme."

Mimi niliyewatoa watu mbio kwenye vibanda vya video, siku hiyo nilitaka kukimbia mimi. Nilimjibu inshallah, nikaondoka. Nikapita kisimani, Zaituni akanifuata, ndoo bado haijajaa.

"Kaka Haruni, kaniambia alichokuitia. Nakuomba, usije," akasema. "Upepo ukitikisa mlango tu, yeye huinuka. Ukija ukamgongea, ndiyo basi tena. Mie nitazeekea mle ndani."

Alikuwa na haki. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama yangu, aliyekuwa anapeta mchele. Alipeta akamaliza ungo mzima ndipo akanijibu.

"Saada namjua," akasema. "Hajakuita umdanganye. Kuna kitu anataka kukijua, na hawezi kukijua peke yake. Nenda. Lakini uso wako uwe safi, usije ukapaka uchafu wenu ule."

Basi nilikwenda, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa. Jua lilikuwa bado linawaka, wapita njia wakaacha njia zao wakasimama. Nikagonga. Nikasema, "Mama, nifungulie. Nimerudi." Sauti ilinitoka hovyo, haikuwa ya maigizo hata kidogo.

Mlango ulifunguka papo hapo, kumbe alikuwa amesimama nyuma yake. Akanitazama. Uso wake ulijaa furaha, nakuapia, furaha tupu, na sijapata kuiona furaha ya namna ile kwa mtu mwingine. Halafu nikaiona inamwondoka mbele ya macho yangu.

"Umegonga," akasema.

"Ndiyo, Bi Saada."

"Makame hakugonga mlango huu tangu nimzae." Akaushika mlango, akautazama kama ndiyo kwanza anauona. "Mtoto wa nyumbani anapitia uani. Anafunua vyungu hata salamu hajatoa. Anayepiga hodi ni mgeni. Na mie siku zote hizi nimekaa nausikiliza mlango." Akakaa pale pale kizingitini. "Ningekuwa namngoja Makame, ningekaa jikoni."

Kisha akaita, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuagiza chumvi, "Zaituni! Njoo, mwanangu. Njoo ukae hapa. Mumeo kafa."

Zaituni alikuja, akaanguka mapajani mwake, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha siku zote alizozuiwa kulia. Bi Saada naye akalia. Nilisimama pale na kanzu yangu, sijui niondoke au nibaki, mpaka Bi Saada mwenyewe alipojifuta uso akaniambia niingie ndani nile. Ulikuwa wali na mchuzi wa pweza. Nilikula, na nilipokuwa nakula ndipo aliponikemea.

"Na wewe," akasema. "Yule maiti wako ana hasira gani na mamake? Mbona anagonga kama askari? Aliyekufa maji hana kisasi na mtu. Ana baridi, anataka kwao, basi. Mkiwatisha watu namna ile, wataogopa hata kuwaota watu wao."

Maneno hayo, mwanangu, yalinikaa kooni kuliko mwiba wa samaki. Nilimaliza sahani kwa heshima yake tu.

Ijumaa iliyofuata Makame alisomewa khitma, na Bwejuu nzima ilikuja. Zaituni alikaa eda kama mke wa mtu, akamaliza, baadaye akaolewa na mwalimu huko Utende, na leo ana wajukuu. Bi Saada aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa kila nikija kisiwani nampitia, na sikugonga tena, napitia uani. Alinisema kwa kumchafulia jikoni mpaka siku alipofariki.

Mimi nilirudi Dar. Niliendelea kuwa maiti, maana shati jeupe na msichana wa ufukweni havikupatikana, na nikwambie ukweli, viliniuma. Kuna wakati nilimwonea wivu kila kijana mwenye sura ya mapenzi. Lakini tangu siku ile, kabla sijapakwa masizi, nilimwuliza kwanza mwongozaji, "Huyu marehemu anamlilia nani?" Wengine walinicheka. Mmoja alinifukuza kazi, akasema jini halimlilii mtu. Waliokubali, niliwaigizia mfu anayetetemeka, anayeona haya kusumbua watu, anayegonga kidogo kisha akangoja. Wakasema ndiyo inatisha zaidi. Labda ni kweli. Ninachojua ni kwamba watu walianza kunijia. Mtu ananisimamisha njiani, anagonga ukuta kwa mzaha, anacheka, halafu akishacheka anasogea karibu na kuniambia kwa sauti ya chini, mama yake kafa mwaka jana, au mtoto wake. Wengi sana. Ndiyo maana sikasiriki nikiitwa Mfamaji. Kazi niliyoionea haya ndiyo iliyonikutanisha nao.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Sikukatazi kutisha watu. Kutisha ni kazi kama kazi nyingine, na watu wanapenda kutishwa, wanalipia. Lakini kutisha tu ni rahisi. Funga mlango kwa kishindo, mtu atapiga mayowe, hata paka anaweza. Ugumu ni kumjua unayemtisha. Kila utakaposimama mbele ya watu, hata watu hao wawe ndani ya simu na huwaoni, yupo mmoja kati yao ambaye hicho wenzake wanachokikimbia, yeye anakililia usiku na mchana kimrudie. Mfikirie huyo kwanza. Ukimfikiria yeye, na wengine watapata haki yao. Ukimsahau, hata wakikushangilia nchi nzima, utakuwa umemwumiza mtu ambaye hajakukosea.

Na mtu mzima akikukosoa, usikimbilie kujitetea. Mimi nilikuwa na majibu mengi siku ile, kwamba ni maigizo, kwamba mwongozaji ndiye aliyeandika. Namshukuru Mungu mdomo ulikuwa umejaa wali. Maneno yale machache ndiyo niliyoishi nayo, mengine yote niliyofundishwa mjini nimeyasahau.

Macho meupe nitakuvalia, usiwe na wasiwasi. Yamo kabatini, ingawa moja limepasuka. Lakini kwanza nenda ukakae, ufikiri, kisha uje uniambie huyo maiti wetu anamlilia nani. Ukishapata jibu, tutapiga hiyo picha.

Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Akupe riziki katika kazi uipendayo, na kama hakukupa uipendayo, akupe moyo wa kuipenda uliyopata. Akuwekee watu wa kukukemea ungali kijana. Na siku watu watakapokuogopa kwa umahiri wako, akujaalie wawepo pia watakaokuamini vya kutosha walie mbele yako. Amina.