Siku Niliyomkimbia Mama Mkwe Chini ya Maji

Ipo video. Naanza na hilo kwa sababu najua wengine wenu mmeshaiona, imezunguka kwenye makundi ya simu kuanzia Tunduma mpaka Ileje, na kuna dereva mmoja wa lori aliyenionyesha mimi mwenyewe pale kaunta ya ofisini huku akifuta machozi ya kicheko, bila kutambua kwamba yule mtu anayetoka damu puani, amebanwa na suti nyeusi ya mpira, kichwa chake kimelala kwenye mapaja ya mama wa watu, ndiye huyu anayemshughulikia karatasi za mzigo wake. Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Kazi yangu ni kujaza fomu za mizigo mpakani. Nilitoka chuo kikuu na shahada pamoja na tabia ya kuuliza, kila nikionyeshwa karatasi, inamfaidisha nani, na mtu anayeshinda kutwa akijaza fomu huacha kuziamini, kama mpishi asiyekula chakula cha hoteli yake. Sasa kuna mhubiri alipita pale sokoni Tunduma akasema chini ya Ziwa Tanganyika kuna joka lenye taa kichwani, na wenzangu ofisini (watu wazima, wana watoto) wakaanza kujadili taa hiyo inatumia nini. Nikawaambia mimi sibishani, nitakwenda kuangalia.

Ndivyo nilivyompata Bwana Chanda, Mzambia wa Mpulungu, ufukweni mwa ziwa hilo hilo, anayefundisha watu kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni. Mara moja moja alikuwa anavuka mpaka na gari lake hadi Vwawa, kwa sababu kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea nyuma ya bustani, na upande mmoja wa bwawa hilo kina chake kinapita kimo cha mtu na nusu. Wenyeji hawaogelei humo, kwa baridi ile ya Mbozi huwezi kuwalaumu. Bwawa ni la kupigia picha za harusi. Chanda akanieleza kwamba cheti hakipatikani kwa mdomo: kuna masomo ya darasani, kuna mazoezi ya bwawani, halafu unazamishwa ziwani mara kadhaa mbele ya mwalimu, na kabla ya yote hayo kuna fomu ya afya.

"Fomu hii inamlinda nani?" nikamwuliza.

"Mimi," akasema, bila haya. "Na wewe, ukiijaza vizuri."

"Samaki hawana cheti."

"Samaki hawanishtaki, bwana mdogo."

Akanisimulia kwamba kuna mteja aliwahi kumficha ugonjwa wa pumu, akazamia, akatolewa majini hoi, na ndugu zake wakampeleka Chanda mahakamani. "Kesi nilishinda," akasema. "Boti niliuza kumlipa wakili."

Nikamwambia hapo ndipo dunia ilipoharibika, watu wazima wanafanya mambo kwa hiari yao halafu wanatafuta wa kumshika shati, na kwamba kama kila mtu angebeba dhamana yake mwenyewe, fomu zote hizi tungewashia mkaa. Nilizungumza vizuri sana. Chanda alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kalamu.

Maswali yalikuwa mengi: moyo, kifafa, pumu, kuzirai, upasuaji wa masikio. Katikati hapo likawepo moja dogo: je, leo una mafua? Nilikuwa na mafua. Ulikuwa mwezi wa sita, Vwawa nzima ilikuwa na mafua, hata aliyenipokea mapokezi alikuwa nayo, na nikajiambia kwamba jambo walilonalo watu wote si ugonjwa, ni hali ya hewa. Basi nikavuta mstari mmoja mrefu kwenye safu ya "Hapana" kutoka juu mpaka chini, na pale mwisho, bila kuombwa na mtu, nikaandika: *Mimi ni mtu mzima. Litakalonipata ni langu.* Nikasaini.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Rehema. Rehema ni mchumba wangu, kwao ni Ruanda, si ile nchi bali kijiji cha hapa hapa Mbozi, wakulima wa kahawa, na mshenga wangu alikuwa ameshapeleka barua na imejibiwa, umebaki ule mkutano wa kupanga mahari. Sasa kwa wazee wa kwao, kijana aliyechumbia hakutani uso kwa uso na mama mkwe mpaka mama apelekewe zawadi yake ya kufungua uso. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi. Kama hakuna mahindi, unageukia ukuta. Nilikuwa nimeshamwambia Rehema (kwa hoja, nikitaja na vitabu) kwamba heshima haiwezi kuwa kujificha, na yeye akanijibu, "Sawa, msomi. Ila Jumamosi ni send-off ya dada Lusia, tunamuaga kabla ya harusi yake, hapo hapo hotelini, na mama yupo. Hamisha siku."

Sikuhamisha. Sherehe ilikuwa ya jioni na somo langu lilikuwa la mchana, na Chanda hangerudi karibuni.

Somo lilianza vizuri. Maji yalikuwa ya baridi ya kumfanya mtu aungame, lakini suti ilisaidia. Tulishuka polepole, kwa hatua, masikio yakauma kidogo, nikaminya pua kama nilivyofundishwa, hayakuzibuka, nikaminya tena, la kulia likazibuka nusu. Chanda akaniashiria tupande. Tulipotokeza vichwa akaniuliza, "Masikio?" nikasema, "Safi." (Huo ni uongo wa pili, kama mnahesabu.)

Ndipo nikasikia vigelegele. Wanawake wa send-off walikuwa wamewahi, wakaamua kumpiga bibi harusi picha bwawani kabla jua halijapungua, na walikuwa wanaingia kwa mlango wa bustani wakiwa na sare ya kitenge cha njano, wanacheza, na aliyewatangulia, mnene kiasi, na uso ule ule wa Rehema ulioongezewa miaka, nilikuwa nimemwona kwenye picha tu.

Ningependa kusema kwamba nilitafakari. Mtu niliyesoma, ninayehoji kila kitu, ningeweza kusema shikamoo kama binadamu wa kawaida. Hata hakuwa ananijua sura. Lakini mwili haukuniuliza. Hapakuwa na mahindi, hapakuwa na ukuta, kulikuwa na maji. Nikazama.

Nilikwenda chini kwa mkupuo mmoja, bila kuminya pua, bila hatua, na kitu fulani katikati ya macho yangu kikapasuka kama njugu kwenye kikaango. Kisha nikaona ndani ya miwani yangu kumekuwa na wekundu. Nikapiga magoti sakafuni, nikashika chuma cha ngazi, nikatulia. Chanda akashuka akanitazama usoni na macho yake yakawa makubwa. Akaniashiria: panda. Nikatikisa kichwa. Akaashiria tena: panda, polepole, pamoja na mimi. Nikakumbatia ngazi.

Chanda huwa na kibao kidogo cha plastiki kiunoni, cha kuandikia chini ya maji. Akaandika: SHIDA NINI? Nikachukua kalamu, nikaandika: MAMA MKWE.

Alikisoma. Akanitazama. Akakisoma tena. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi ameona watu wakichanganyikiwa chini ya maji, mmoja alijaribu kumpa samaki hewa, lakini huko ni kwenye kina kirefu, sio bwawa la hoteli.

Huko juu, nasikia, mpiga picha ndiye aliyeona kwanza. "Jamani, kuna watu huku chini!" Na mwingine, "Mmoja anatoka damu! Anauawa!" Na hapo Chanda akanibandua kwenye ngazi, akanishika mkanda kifuani, akanipandisha taratibu kama sheria yao inavyotaka, mimi nikipiga mateke, jambo ambalo kwenye video linaonekana kama mtu anayekata roho.

Wengine walikimbia. Aliyepiga magoti ukingoni, akanishika kwapani na kunivuta kama gunia la kahawa, alikuwa yeye, mama yake Rehema. Akanivua miwani, ikamwaga. Akanilaza kwenye mapaja yake, akachukua upindo wa kitenge kile kipya cha njano, akaanza kunifuta damu na (nasikitika kusema) makamasi.

"Pole, mwanangu, pumua. Pumua, baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikafumba macho. Niliona ni afadhali nionekane nimekufa.

Chanda lakini, mtu aliyewahi kushtakiwa, hakuwa na muda wa huruma. Alikuwa amesimama na maji yanamchuruzika, amenyanyua kile kibao juu kuwaonyesha watu wote. "Mashahidi! Mmeona! Nilimwambia apande, akakataa! Someni wenyewe, ameandika kwa mkono wake: mama mkwe! Nani hapa mama mkwe?"

Mkwe wa kwanza, bwana harusi wa Lusia, walikuwa wanamjua na alikuwa njiani na ndugu zake. Wakabaki kumgeukia Rehema, aliyekuwa mlangoni ameshika maua, na Rehema akaficha uso kwenye maua.

Mama alisimama. Alisahau kwamba kichwa changu kipo mapajani, kikagonga vigae (unaweza kusikia mlio kwenye video, wengine wameuweka kuwa mlio wa simu). Akajifunika uso kwa kile kile kitenge chenye damu yangu, na wanawake wakamzunguka wakamwondoa kama wanavyomwondoa mfiwa.

Akaja baba mdogo wake Rehema, Mzee Nzowa, msemaji wa ukoo, akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kujitetea hapo chini nilipolala.

"Mzee, kosa ni la mwalimu. Mtu mwenye mafua haruhusiwi kuingia. Alitakiwa kunizuia."

"Awe!" Chanda akaruka, kwao maana yake hapana. "Nilimwuliza kama ana mafua. Alisema hana!"

"Ungeangalia pua yangu!"

"Bwana mdogo, pua ni yako!"

Mzee Nzowa alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kijana," akasema, "ulikuwa na mafua?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukasema huna."

"Ndiyo, mzee, lakini kimsingi ile fomu..."

"Mtu anayedanganya kuhusu pua yake," akasema, akiwatazama wenzake, "akija kwetu atasema ukweli kuhusu nini?" Akainuka. "Mambo ya mahari yasimame kwanza."

Rehema alinisindikiza zahanati, nimejaza pamba puani. Tukakaa kwenye benchi. "Ulisema kila mtu abebe dhamana yake," akasema. "Sawa. Ungekufa mle, ungebeba nini? Mimi ndiye ningekubeba. Mama ndiye aliyekubeba."

Nikatoa pamba iliyolowa puani, nikaweka nyingine.

Mshenga alihangaika wiki nyingi, akarudishwa, akaenda tena, na mwishowe wakakubali tufike Ruanda, baada ya kupeleka kitenge kipya badala ya kile kilichoharibika na jembe la kumwosha mama aibu ya kunigusa. Wazee wakaniketisha katikati. Mama, kama desturi, alikaa chumba cha pili, ukuta katikati.

"Tunataka kujua afya yako," akasema Mzee Nzowa. "Basi."

Nikawaambia. Nilianza na mafua, nikaenda kwenye malaria za utotoni, nikataja jino bovu la upande wa kushoto, kukoroma, kwamba naogopa bata mzinga, kwamba nikila maharage ya jana tumbo hujaa, kwamba goti langu hulia mvua ikikaribia, na kwamba wakati ule ule ninaozungumza nilikuwa nimebanwa haja ndogo tangu tuvuke Mlowo. Mshenga alinikanyaga mguu, nikataja na mguu. Nilikuwa ndio kwanza nafika kwenye ngozi, sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Mwambieni anyamaze, tumeshamchukua!"

Ziwa Tanganyika chini yake sijapaona, na sitaapa kwamba hakuna joka. Nilichoapa ni kimoja: sitatia tena sahihi kwamba litakalonipata ni langu peke yangu. Nimeona lilivyokuwa la watu wengi, na wote walikuwa wamevaa njano.