Jiwe Aliloniletea Cissy

Niseme mapema, nisije nikajifanya mtakatifu katikati ya maneno: aliyemvunjia Cissy heshima mbele ya kanisa zima ni mimi, Scovia, muuza matoke wa soko la Konyo Konyo, hapa Juba. Tulitoka Masaka, Uganda, pamoja tukiwa juu ya lori moja la ndizi, na tumelala chumba kimoja mtaa wa Gurei miaka kumi na mmoja.

Kazi yake ya kupika katika kampaundi ya shirika moja kule Thongpiny nilipewa mimi kwanza. Niliikataa huku nikicheka, nikasema sikuja Juba kuosha sahani za kawaja, maana hapa mzungu ndiye kawaja. Cissy akaichukua. Tangu hapo nikawa namwita Mama Sahani. Nilijua jina linamchoma, na ndiyo sababu sikuliacha.

Kanisani napo palikuwa vilevile. Iwe arusi, iwe msiba, Cissy alionyeshwa masufuria kabla hata hajasalimia watu. Siku moja aliniambia, "Scovia, mimi iko nataka kitu moja tu. Siku moja nikae mezani, mtu anipakulie." Nikawapelekea kina mama maneno hayo, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Basi mwaka jana bosi wake, Madam Fiona, alikuwa anarudi kwao likizo, pwani ya kaskazini kabisa ya Uskoti. Akamwambia Cissy waende wote.

"Likizo, Scovia!" Cissy alikuja mbio mpaka kibandani kwangu, bado amevaa aproni. "Amesema sisi. Sisi, mimi na wao!"

Madam alimpa kitabu cha picha cha pwani hiyo. Cissy akakisoma kila asubuhi huku chai ikipoa. Akanieleza habari za sili wanaolala juu ya miamba, nyangumi wanaopita karibu na nchi kavu, ndege wafupi wenye midomo ya rangi, jua lisilotaka kutua, na wanawake wanaoimba nyimbo za zamani huku wakipiga kitambaa cha sufu mezani. Mimi nilikuwa napanga ndizi, nikiitikia "mh, mh". Nilikuwa namwonea wivu.

Kwetu mtu hapandi ndege kimyakimya. Anawekewa mikono, anaombewa, halafu kila mtu anamwagiza kitu. Mama Victoria, kiongozi wa kina mama, mwenyeji wa hapa, wa kabila la Kuku, aliyekulia kambi ya wakimbizi Uganda, aliagiza kitambaa cha sufu. Pasta Erisa akataka picha. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi niletee jiwe ya bahari. Kubwa." Nilisema hivyo kwa kejeli, ili ajitwishe mzigo wa bure. Watu wakacheka. Cissy akaandika kwenye kidaftari chake: Scovia, jiwe, kubwa.

Jambo jingine la kwetu ni kwamba anayerudi anatoa ushuhuda, na ushuhuda wa ng'ambo lazima uwe mtamu. Sijawahi kuona mtu aliyesimama pale mbele akasema safari ilikuwa mbaya. Watu wangeona amemtia Mungu aibu.

Alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, vyekundu. Niliviona. Sikuuliza. Alifungua soksi, akatoa jiwe la kijivu lenye ukubwa wa papai dogo, laini, na mstari mweupe uliolizunguka tumbo lake lote. Nikamwambia hata Nile iko na mawe, kisha nikalipeleka kibandani kukandamizia turubai, kwa kuwa upepo wa mvua ulikuwa unalirusha.

Jumamosi akanionyesha picha kwenye simu. Sili, kweli. Bahari, kweli. Watu wa kijiji wakipita barabarani na ngoma, wanaume wamevaa sketi. Picha ya sita nikaona kitu pembeni, chini kushoto: shingo ya bomba la sinki. Nikarudi nyuma. Ya kwanza ilikuwa na bomba. Ya pili ilikuwa na bomba. Zote zilipigwa kutoka dirisha moja la jikoni, na mwenyewe hakuwa ameliona hilo bomba kwa jinsi alivyokodolea macho bahari.

Nilielewa yote palepale. Ningeweza kumshika vile vidole nikamwambia pole. Lakini nilifurahi. Naona aibu kuliandika neno hilo, ila ndilo lililokuwa moyoni mwangu.

Kesho yake Cissy alisimama mbele na gomesi mpya, lile vazi la heshima la kwetu Uganda. Picha zikawekwa kwenye skrini ya kuonyeshea maneno ya nyimbo. Akasimulia sili, akasimulia nyangumi, mpaka hapo palikuwa salama. Halafu Mama Victoria akauliza, "Na walikukaribisha vizuri, mama?"

Cissy akalainisha gomesi yake. Akasema, "Walinikalisha mezani. Madam mwenyewe alinipakulia."

Kanisa lililipuka kwa haleluya. Mama Victoria akafuta machozi, akatangaza kwamba kwenye sherehe ya mavuno Cissy atakaa meza kuu, na yeye mwenyewe atampakulia. Nilimwona Cissy akifumba macho. Ilikuwa imebaki wiki moja tu apate kile alichokuwa anakitaka maisha yake yote.

Nikainuka.

"Bwana asifiwe. Mimi iko na swali moja. Hii picha iko na bomba ya sinki. Hiyo ingine iko na bomba. Hata nyangumi iko na bomba! Dada, ulienda likizo ama ulienda kuosha sahani?"

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, halafu benchi zima, halafu kanisa lote. Pasta Erisa aliuma midomo, ikamshinda. Cissy aligeuka kuiangalia skrini. Aliliona bomba kwa mara ya kwanza pamoja na sisi.

"Wageni walikuwa kumi na nne," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku."

Hapo ndipo watu walipocheka zaidi.

"Kalas, imetosha, mama, kaa chini," Mama Victoria akasema. Hakuwa anacheka yeye. Alikuwa amekasirika kwamba machozi yake yametoka bure.

Siku ya mavuno Cissy alionyeshwa masufuria kama kawaida. Alipika, akaosha. Meza kuu ile nafasi yake nilipewa mimi, kwa sababu nilisema kweli. Watoto walishaanza kumwita Mama Sinki, na nyama nilipakuliwa na Mama Victoria mwenyewe. Niliila yote.

Jumatatu nikamkuta Cissy anafunga begi.

"Sasa kwa utani tu ndiyo unahama?" nikamwambia.

Alifungua simu akanionyesha picha moja ambayo haikuonyeshwa kanisani. Ilikuwa na ukungu ukungu, imepigwa ovyo. Kulikuwa na viatu vyake vilivyoloa, changarawe, na mkono wake umeshika jiwe la kijivu lenye mstari mweupe.

"Hii haina bomba," akasema. "Siku ya mwisho, asubuhi, kabla hawajaamka, nilitoroka. Dakika ishirini. Sikuangalia sili, sikuangalia ndege. Nilikuwa natafuta jiwe yako. Ulisema kubwa." Akafunga zipu. "Nirudishie."

Nilipanda boda mpaka Konyo Konyo, roho mkononi. Turubai lilikuwa limekandamizwa na tofali. Jirani yangu wa kibanda akaniambia jiwe lilichukuliwa jana kuzuia gurudumu la lori la ndizi lisirudi nyuma, na lori lilipoondoka lililikanyaga. Akanionyesha vipande kwenye tope. Niliviokota viwili, vikawa vinanitazama na vimstari vyao, nikavitupa. Sikuwa na uso wa kumpelekea vile.

Nikashuka mtoni. Nikachagua la kijivu, laini, lenye ukubwa uleule. Nikalipangusa kwa kanga yangu njia nzima ya kurudi.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akitafuta mstari mweupe kwa vile vidole vyake vilivyopasuka.

"Hii ni ya hapa," akasema.

Akaliweka kitandani kwangu, akabeba begi lake, akaita boda.